Mwanangu Hakujua Kutema

Tulikuwa tumemaliza rozari ya jioni Erasmo alipopiga simu. "Mama Xaveri, shikamoo. Usishtuke," akasema, nami nikashtuka hapo hapo. Erasmo ni kijana wa Mtwara, anafua mashuka kwenye meli ya watalii aliyokuwa akifanyia kazi mwanangu. Akaniambia Xaveri ameanguka kazini, katapika damu, wamemshusha kwa machela, gari la wagonjwa limemchukua bandarini. Nikauliza bandari gani. Akataja jina ambalo sikulishika. Nikauliza, "Yu hai?" Simu ikakatika.

Usiku ule mimi na binti yangu Witness hatukulala. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa kwetu hapa Lindi, na simu ilibaki na chaji kidogo, kwa hiyo hatukuthubutu hata kuwasha kioo tuangalie saa. Tuliilaza mezani juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama mtu anavyoweka yai. Witness alitaka kumpigia Erasmo. Nikamkataza, nikiogopa chaji itaisha wakati Erasmo naye anatutafuta. Kisha nikamwambia apige. Kabla hajabonyeza nikamkataza tena. Mbwa wa jirani alipobweka nilisimama, kana kwamba habari ingekuja kwa miguu.

"Kaa, mama," Witness akasema. "Hata ukisimama, meli haiji hapa."

"Nimekaa."

"Umesimama, mama."

Wenzetu Waislamu wakiadhini alfajiri, ujumbe ukaingia. Witness akausoma kwa sauti: "Yuko hai. Yuko hospitali. Wanasema ini. Watamrudisha nyumbani." Nilimshukuru Mungu, halafu nikabaki na lile neno. Kwetu kijana akiugua ini watu hawaulizi maswali mengi. Wanatazamana tu.

Xaveri nilimzaa Rutamba, msimu wa mabibo, wakati harufu ya mikorosho inaingia mpaka ndani ya nguo zilizo sandukuni. Wazee wetu walitoka uwanda wa Makonde wakahamia huko kulima. Baadaye baba yake, marehemu Petro, alipata kazi kwenye mashamba ya chumvi, tukashuka Lindi mjini. Mtoto alikuwa mtaratibu tangu mdogo. Ukimtuma maji ya kunywa alikuletea kikombe kimefutwa sehemu ya chini ili kisikulowanishe. Petro alikuwa akisema huyu mtoto atakuja kuhudumia maaskofu.

Lazima niseme kidogo kuhusu uraka, maana bila huo maisha ya Xaveri hayaeleweki. Mabibo yanakamuliwa, maji yake yanaachwa yachachuke, na hicho ndicho kinywaji cha kwetu msimu wa korosho. Sasa, mtu wa kwetu hakupi uraka hivi hivi. Anachota kwa kata, anapiga funda la kwanza yeye mwenyewe mbele ya macho yako, anameza. Tunaita kuondoa uchawi. Maana yake: nimetangulia, kama kuna sumu itaniua mimi kwanza. Halafu anakupa wewe, na wewe unameza. Ukitema funda lile la kwanza, umemwambia mwenzako mbele ya watu kwamba ni mchawi. Watoto wa kwetu wanalijua hili kabla ya kuijua Baba Yetu.

Alipomaliza kidato cha nne Xaveri alipata kazi kwenye hoteli moja Kilwa Masoko, ya watalii wanaokuja kuangalia magofu. Alipanga chumba Kivinje, akawa anaosha vyombo, kisha akapewa kufuta glasi, kisha kuhudumu mezani. Mgeni mmoja alimwona jinsi anavyoinua glasi kwenye mwanga akitafuta doa, akamwelekeza kwa wakala wa Dar es Salaam anayeandikisha watu wa melini. Hivyo ndivyo alivyoondoka. Kwenye meli alianza na glasi tena, na mwishowe wakamweka kwenye mvinyo.

Mimi neno nililolijua ni divai, ya altareni, ambayo padri anakunywa na sisi tunatazama. Sikujua kuwa kuna watu wanapanda meli miezi mitatu, minne, wakizunguka dunia na kunywa divai kila mlo, na kwamba kuna mtu kazi yake ni kuwachagulia. Xaveri alikuwa akipiga simu wakifika bandarini, anatusimulia. Stoo ya chupa iko chini kabisa, alisema, chini ya usawa wa maji. Humo ni baridi, chupa zimelazwa kama watu waliolala, na zimefungiwa fito zisiviringike meli ikiyumba.

"Kumimina ni kazi ndogo, mama," aliniambia. "Kazi ni kumchagulia mtu bila kumwaibisha. Tajiri anafungua kitabu cha mvinyo, kinene kama misale ya padri, macho yanamtembea, hajui. Wewe unainama unamuuliza anakula nini, jana alifurahia nini. Akisema samaki, unamtafutia mweupe mkali kidogo, ule wenye ukali wa bibo la njano ambalo halijaiva sana. Unamtajia viwili, mmoja unautaja kwa sauti nzuri zaidi. Anachagua huo, na mbele ya mkewe inaonekana kachagua mwenyewe."

"Kumbe ni utapeli," Witness akadakia.

"Ni adabu, we mtoto."

Siku nyingine alipiga akicheka.

"Mama, leo tumefundishwa kutema."

"Kutema nini?"

"Mvinyo. Unaweka kinywani, unauzungusha, unausikiliza, halafu unatema ndooni."

"Kitu cha thamani hivyo wanatema?" Witness akasema. "Wazee wa Rutamba wangewapokonya hiyo ndoo."

Tukacheka sote. Nikamuuliza, "Na wewe umetema?"

"Nilishindwa, mama. Yule mwalimu wetu, Mreno, ana mvi kama za babu. Kaonja yeye kwanza, kamimina, kanipa kwa mkono wake. Nitatemaje mbele ya mzee kama yule? Nikameza."

"Akasema nini?"

"Kacheka. Kasema nitazoea."

Hakuzoea. Kila jioni kabla wageni hawajashuka kula, chupa za siku ile zinafunguliwa, na lazima mtu azionje ajue kama kizibo kimeharibu kilichomo. Huyo mtu akawa Xaveri, maana Mreno aliuamini ulimi wake. Wenzake walitema. Yeye alimeza.

Halafu likaja lile la mezani. Siku yake ya kwanza kusimamia meza peke yake alikuwa na woga, akafanya kama tunavyofanya nyumbani. Alifungua chupa, akajimiminia kidogo, akapiga funda mbele ya wageni, akameza, akatabasamu, ndipo akataka kuwamiminia. Huko mambo ni kinyume. Aliyeagiza ndiye anayeonjeshwa, mhudumu amesimama, mkono mmoja mgongoni, anangoja aitikiwe kwa kichwa. Mreno akaja mbio. Xaveri akaomba radhi, akaeleza kwamba kwao mwenye kukaribisha huondoa uchawi kwanza. Pale mezani palikuwa na bibi mzee, mjane, anayekaa melini karibu mwaka mzima. Bibi yule alicheka mpaka akashika kifua. Tangu siku hiyo kila jioni akawa anamwita: "Kijana, njoo uniondolee uchawi." Meza za jirani zikaona, nazo zikataka. Mreno alipoona wageni wanafurahi akaacha iwe hivyo. Ikawa Xaveri anakwenda meza kwa meza akiwaondolea uchawi watu wasioujua, funda moja hapa, funda moja pale, usiku mzima.

Bibi yule alifia melini. Huko, chupa isiyokwisha hutiwa kizibo tena na kuandikwa namba ya chumba, ili mwenyewe aikute kesho. Ya bibi ilibaki imefika nusu, na sheria ni kuimwaga. Xaveri hakuimwaga. Alimwita Erasmo wakaketi stoo, wakainywa polepole, kama arobaini yake. Erasmo ndiye aliyenisimulia hili, baadaye. Alisema yeye alikunywa kikombe kimoja tu.

Mimi nilikuwa naona mambo. Likizo ya kwanza alirudi amenawiri, anatupangia meza ya Krismasi, juisi ya mabibo anatumiminia kwa kushika chupa kitako, leso nyeupe mkononi. Mtaani wakamwita Mzee wa Waini. Likizo iliyofuata, kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anatoka uani akitetemeka kama mwenye homa, anaingia chumbani, anatoka ametulia, anaimba. Nilifagia chini ya kitanda chake sikukuta kitu. Lakini begi lake nililisikia likilia chupa kwa chupa alipolisogeza.

"Ni nini hizo, baba?"

"Za kazi, mama. Nakumbukia ladha."

Nilimtazama. Akaangalia pembeni.

Basi alirudi msimu huu, wa mabibo. Nilimpokea stendi. Nilitafuta mwanangu kati ya waliokuwa wakishuka, nikampita, mpaka yeye akaniita. Macho yalikuwa ya njano. Shati lilikuwa linapwaya mabegani na limekaza tumboni. Tukachukua bajaji. Nyumbani alikaa kitandani akaniambia nifunge mlango.

"Mama, daktari wa kule hakuniambia nipunguze. Kaniambia basi. Kuna mishipa humu kooni imevimba. Nikinywa tena itapasuka, na ikipasuka tena sitafika hospitali."

"Basi hutakunywa."

"Ndiyo, mama."

"Tumwambie mjomba wako, aje akae na wewe."

"Usimwambie. Ataniona mlevi. Ngoja nipate nguvu, nitamwambia mwenyewe."

Mjomba wake ni Sebastiani, kaka yangu mkubwa, yuko Rutamba. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Yeye ndiye anayemwoza na ndiye anayemzika. Nilinyamaza kwa kuwa mgonjwa aliniomba, na kila siku iliyopita nilihisi ninakaa juu ya kaa la moto. Xaveri alikuwa akimaliza siku kwa kuosha glasi zetu, zile zile, anazifuta, anaziinua kwenye mwanga, anaziosha tena. Witness alimtania, "Kaka, unaishika glasi kama kifaranga." Alicheka kidogo. Jirani akipita na mabibo, aligeuza uso upande wa pili.

Jumapili tulipotoka kanisani, pikipiki ilisimama mbele ya baraza. Sebastiani alishuka amevaa kofia yake ya sikukuu, na nyuma yake pikipiki ya pili ikaleta wazee wawili wa ukoo. Kwenye keria lilifungwa dumu la uraka.

"Helena! Mnaficha mgeni!"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Yuko wapi Mzungu wetu? Watu wa stendi ndio wanaonipa habari za mpwa wangu?"

Xaveri akatoka ndani. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, marahaba, baba. Mbona umekonda? Huko melini wanakula kwa macho?" Wazee wakacheka. "Leo utakunywa kinywaji ambacho jina lake linatamkika."

Nikasema haraka, "Kaka, mtoto yuko kwenye dawa."

"Dawa gani inagombana na uraka? Uraka wenyewe dawa."

"Amekatazwa, kaka."

"Na nani?"

"Daktari."

"Daktari ndiye mjomba wake?"

Wazee wakacheka tena. Sebastiani alikwisha fungua dumu. Harufu ikajaa barazani, tamu na kali, na nilimwona Xaveri akifumba macho. Kaka yangu akachota kwa kata aliyokuja nayo, akainua, akapiga funda kubwa, akameza, akafuta masharubu. Akainyoosha kata kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko.

"Mpwa wangu, uchawi nimeuondoa. Karibu nyumbani."

Xaveri aliipokea. Mkono uliokuwa ukitetemeka tangu asubuhi ulitulia ulipoigusa kata. Hilo ndilo lililonitisha. Aliishusha pua ndani kama alivyokuwa akifanya kazini, akakaa hivyo.

"Bibo jekundu," akasema, "na la njano kidogo. Umelala siku mbili kwenye mtungi."

"Mnamsikia!" Sebastiani akapiga paja. "Mnamsikia huyu!"

Xaveri akapiga funda. Mashavu yakajaa. Nilikuwa nalitazama koo lake tu. Witness alinishika kanga kwa nyuma. Koo lilipanda, likasimama. Machozi yalikuwa yakimtoka. Kisha akageuka, akainamia ndoo ya maji machafu iliyokuwa kando ya nguzo, akatema. Alitema yote, uzi mmoja mwembamba ulionyooka, jinsi yule Mreno alivyomfundisha.

Kuku alipita katikati yetu.

"Umetema," Sebastiani akasema.

"Mjomba…"

"Umetema nilichokunywa mimi."

"Ninaumwa, mjomba. Nikimeza nitakufa."

"Kwa hiyo nimekuletea kifo."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Wazee wamekusikia."

Nilipiga magoti. "Kaka, ini limeharibika. Ameniomba nisikuambie mpaka apate nguvu."

Sebastiani alinitazama kwa muda. Nilidhani atalainika. "Ungeniambia nilipokuwa bado nashuka kwenye pikipiki, Helena. Ungenikonyeza hata kwa jicho. Umeniacha ninywe mbele ya wazee, nimpe, atemewe mjomba mzima." Akavaa kofia yake. "Siku ya kumzika msiniite."

Wakaondoka. Dumu waliliacha, maana kitu alicholetewa mpwa hakirudi na aliyekileta. Nilitaka kulimwaga pale pale, nikalishika mkono. Xaveri akanizuia.

"Usimwage, mama. Ukimwaga, ndiyo tumekubali kwamba ulikuwa na uchawi. Kesho nitalipeleka mwenyewe Rutamba. Nitamwomba radhi, nimweleze, anywe yeye na wazee."

Maneno yalikuwa ya mtu mzima. Nililiingiza dumu jikoni, nikaegemeza kinu mlangoni kwa nje, nikatandika mkeka wangu ukumbini karibu na hapo. Nilikusudia kukesha. Lakini nilikuwa nimekesha siku nyingi.

Nilipoamka kulikuwa kumepambazuka. Kinu kilikuwa kimesogezwa pembeni taratibu na kuwekwa wima, kama anavyofanya mtu mtaratibu. Dumu halikuwepo. Nilikwenda mlangoni kwa Xaveri nikasukuma. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani.

"Xaveri."

Nikabisha.

"Baba, fungua."

Nikaweka sikio kwenye ubao. Nilisikia kitu kikianguka ndani ya ndoo, kidogo, chwaa, halafu kimya. Halafu tena, chwaa. Nilielewa anafanya nini. Nikawa nasikiliza kama nilivyosikiliza simu usiku ule. Kimya kikianza, nilikuwa nashika pumzi mpaka ndoo ilie. Ilikuwa inalia. Halafu kuna mara moja kimya kilikwenda, kikaenda, na ndoo haikulia. Halafu ikaja chwaa nyingine, lakini mimi nilijua imeruka moja.

Witness alikuja amejifunga kanga, nywele hazijachanwa. Akanitazama usoni. Akapiga mlango kwa kiganja.

"Kaka! Fungua, au namwita jirani auvunje."

"Msivunje," Xaveri akasema kutoka ndani. Sauti ilikuwa tulivu, sauti ya kazini. "Nakuja."

Komeo likasogea, likakwama, likasogea. Mlango ukafunguka. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la melini, amelifunga vifungo mpaka juu. Nyuma yake, kwenye sakafu, glasi moja, dumu, na ndoo. Dumu lilikuwa limelala ubavu, tupu. Ndoo sikutaka kuipima kwa macho.

"Nilitaka kujua kama ninaweza, mama. Kwa mjomba lazima niende, na akinisamehe atanipa tena."

"Umetema yote?"

"Karibu yote."

Akafuta midomo kwa leso nyeupe iliyokuwa mkononi. Niliitazama leso kwanza, nikitafuta damu, kabla sijamtazama yeye usoni.